Kitabu Kimoja, Wasomaji Wawili

Kitabu cha picha kwa kawaida kina kurasa 32, maneno yanayoweza kuenea kwenye karatasi moja, na wasomaji wawili kwa wakati mmoja. Hesabu ya 32 imetokana na mtambo: karatasi kubwa ikichapwa pande zote mbili na kukunjwa hutoa kurasa 16, na mikunjo miwili inatosha kitabu. Hesabu ya wasomaji wawili imetokana na maisha. Mmoja anajua kusoma, mwingine bado. Macho ya anayejua yako kwenye maneno. Asiyejua yuko kwenye picha, na mara nyingi yeye ndiye anayeona mengi zaidi: panya aliyejibanza nyuma ya mtungi, ndala moja iliyosahaulika mlangoni, mwezi ambao ukurasa uliopita haukuwapo. Mkubwa anatoa sauti, mdogo anafungua ukurasa, na hadithi inazaliwa hapo katikati yao.

Sasa, tuzo ya vitabu vya namna hii humzawadia nani, na kwa kupima nini? Kila ninapozifuatilia tuzo hizi, za kwetu na za nje, naona kila moja imeshika kipande kimoja cha kitabu. Hii inapima picha, ile inapima maneno, nyingine inapima furaha ya mtoto. Ile sauti inayowaunganisha wasomaji wawili haina majaji. Kwa lugha kama Kiswahili, ambayo hadithi zake zilikuwa na mwitikio kabla hazijawa na karatasi, hilo ni pengo kubwa, na naamini sisi ndio wenye nyenzo za kuliziba.

Tuanze na medali inayojulikana kuliko zote. Mwaka 1937 huko Marekani, Frederic Melcher, mtu wa biashara ya vitabu, alipendekeza kuwe na medali ya wachoraji wa vitabu vya watoto. Miaka ya nyuma yeye huyo huyo ndiye aliyependekeza Medali ya Newbery, ambayo imetolewa tangu 1922, lakini Newbery ilikuwa ya mwandishi, na mchoraji alikuwa akibaki nje ya sherehe. Medali mpya ikapewa jina la Randolph Caldecott, mchoraji Mwingereza wa karne ya 19, na mwaka 1938 ikatolewa kwa mara ya kwanza kwa Dorothy Lathrop. Hadi leo hutolewa kila mwaka na wakutubi wa watoto walio katika Chama cha Maktaba cha Marekani. Masharti yake ni makali: mchoraji awe raia au mkazi wa Marekani, na kitabu kiwe kimechapishwa huko. Medali ni ya mchoraji peke yake. Ikiwa maneno yameandikwa na mtu mwingine, huyo atapiga makofi tu ukumbini.

Nguvu ya Caldecott haiko kwenye medali yenyewe ya shaba. Iko kwenye duara la dhahabu linalobandikwa kwenye jalada. Maktaba zikiliona zinanunua, shule zikiliona zinanunua, na kitabu kinaendelea kuchapwa miongo na miongo. Kitabu cha Ezra Jack Keats kuhusu mtoto mweusi anayecheza kwenye theluji kilipata medali mwaka 1963, kile cha Maurice Sendak kuhusu mtoto mtundu na mazimwi kikafuata 1964, na vyote viwili bado viko madukani. Wakati mwingine majaji wamethubutu. Mwaka 2008 walikipa medali kitabu cha Brian Selznick chenye kurasa zaidi ya 500, na hapo kila aliyedhani anajua maana ya kitabu cha picha alilazimika kufikiri upya.

Uingereza wana medali yao ya wachoraji tangu 1955, iliyopewa jina la Kate Greenaway na sasa huitwa Medali ya Carnegie ya Uchoraji. Jambo linalonivutia kwao ni mwanzo wake: mwaka wa kwanza majaji waliona hakuna kitabu kinachostahili, hawakumpa mtu. Mwaka uliofuata ndipo Edward Ardizzone akaipata. Tuzo inayoweza kusema “mwaka huu hakuna” inajiheshimu, na inawaheshimu watoto.

Upande wa maneno ulikuja kukumbukwa baadaye sana. Kituo cha Vitabu vya Watoto cha Chuo Kikuu cha Wisconsin kilianza mwaka 1998 kutoa Tuzo ya Charlotte Zolotow kwa mwandishi wa maneno ya kitabu cha picha. Mwaka 2016 Newbery yenyewe ilimwendea Matt de la Peña kwa kitabu cha picha kuhusu mtoto anayepanda basi na bibi yake, na mjadala ukawa mkubwa, kwa kuwa wengi walizoea kudhani maneno machache ni kazi ndogo. Yeyote aliyewahi kuandika hadithi ya maneno 300 anajua uzito wake. Kila neno lina mahali pake, na lililozidi linaonekana mara moja, kama mchanga kwenye wali.

Kati ya zote, ninayoipenda zaidi ni Tuzo ya Irma Black ya Chuo cha Bank Street, New York, iliyoanza miaka ya 1970. Humo wanaoamua ni watoto wa madarasa ya mwanzo. Wanasomewa vitabu, wanabishana, wanapiga kura. Na sharti lake kuu ni kwamba maneno na picha visiweze kutenganishwa, ukiondoa kimoja kingine kianguke. Lakini hata hapo kuna mtu hajahesabiwa, naye ni mwalimu anayewasomea. Mtoto anapigia kura kitabu alichokisikia kwa sauti ya mtu fulani, na sauti ile imo ndani ya kura bila kuandikwa popote.

Kiswahili kimewahi kufika kwenye meza ya Caldecott, tena mara mbili. Mwaka 1972 kitabu cha kuhesabu kiitwacho *Moja Means One* kilipata heshima ya Caldecott, daraja linalofuata medali, na mwaka 1975 kikafuata *Jambo Means Hello*, kitabu cha alfabeti. Mwandishi alikuwa Muriel Feelings, Mmarekani mweusi aliyewahi kufundisha Uganda, na mchoraji alikuwa mumewe Tom Feelings, aliyekuwa amefanya kazi Ghana wakati wa Nkrumah. Tom ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza kupata heshima hiyo. Kitabu cha kwanza kinahesabu hadi kumi kikianza na Mlima Kilimanjaro. Cha pili kina herufi 24, kwa kuwa Q na X hatunazo. Michoro yake ina ukungu laini, watu wake wanatembea kwa utulivu, na mpaka leo ukivifungua unahisi upendo wa mtu anayetafuta kwao.

Lakini tazama majina. Mtoto wa Tanga au Mombasa hahitaji kuambiwa kwamba moja maana yake ni moja. Vitabu vile viliandikwa ili mzazi mweusi wa Brooklyn amkalishe mwanawe na wajifunze pamoja lugha ya bara walilonyang'anywa, na kwa kazi hiyo vilistahili heshima. Kiswahili humo ni kitu cha kutazamwa. Hakuna mahali ambapo mama na mwana wanakitumia kuchekeshana, kutishana, kubembelezana. Mswahili akivisoma anabaki mgeni mwalikwa katika nyumba yenye jina lake mlangoni.

Ajabu ni kwamba kitabu cha Caldecott kilicho rahisi kuliko vyote kusomwa kwa Kiswahili ni kile kisicho na maneno. Mwaka 2010 medali ilikwenda kwa Jerry Pinkney, mzaliwa wa Philadelphia, kwa kitabu chake cha simba na panya. Kisa ni kile cha zamani cha Aesop: simba anamwacha panya aende zake, na siku simba anaponaswa, panya anazitafuna kamba. Pinkney alikipeleka kisa Serengeti, akakichora kwa rangi za maji, na akaacha sauti za wanyama peke yake. Jalada la mbele halina hata jina la kitabu. Kuna uso wa simba tu, umejaa ukingo hadi ukingo, macho yameangalia pembeni.

Nilikipata kwa shemeji yangu aliyekileta kutoka Marekani, nikaenda nacho Lushoto kwa mama. Mama hakusoma shule. Mjukuu wake wa miaka mitano akimpelekea kitabu, jibu lake siku zote ni moja: “Mpelekee baba yako.” Jioni ile mtoto akampelekea hiki. Mama akakigeuza, akatafuta maandishi, hayapo. Akavuta mkeka karibu na taa, akafungua ukurasa wa kwanza, akasema, “Paukwa!” Sisi sote tuliokuwa sebuleni tukajibu, “Pakawa!”

Nilichokiona saa iliyofuata ndicho kilichonifanya niandike haya. Mama alikuwa hana haraka. Kila penye kurasa mbili zinazotazamana alikaa, akapitisha kidole kwenye nyasi, akauliza. “Mume wangu,” akamwita mjukuu wake, kama bibi zetu wanavyowatania wajukuu, “huyu bundi ana shida gani na watu?” Mtoto akajibu, “Ana njaa, Bibi.” Walipofika kwenye wavu, mama akaacha kitabu kabisa, akaingia kwenye habari za ngedere na mashamba ya mahindi, nusu kwa Kiswahili nusu kwa Kisambaa. Mtoto akamrudisha: “Bibi, mtego wa huyu ni wa kamba, angalia.” Panya alipoanza kutafuna, mama alitoa sauti kwa meno, kru, kru, kru, na mtoto akaidaka, wakatafuna wote wawili hadi simba akafunguka. Kitabu ninachokimaliza kwa dakika tano kilichukua karibu saa nzima. Anayekisoma alikuwa mtu ambaye kwenye takwimu zote za nchi yetu amehesabiwa kuwa hajui kusoma.

Nikirudi kwenye tuzo zetu nikiwa na picha ile akilini, naona mambo mawili.

La kwanza ni kwamba tuzo zetu nyingi zimejengwa juu ya mswada. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, ilianza na riwaya na ushairi, kisha hadithi za watoto zikaingizwa. Ni hatua ya kushangiliwa, hasa kwa sababu mshindi huchapishwa na kazi yake kufikishwa shuleni na maktabani. Tuzo ya Golden Baobab, iliyoanzishwa Ghana mwaka 2008 na Deborah Ahenkorah, inapokea miswada ya vitabu vya picha kutoka Afrika nzima, na ina zawadi ya wachoraji pembeni. Tuzo ya Safal-Cornell, ambayo imekifanyia Kiswahili mema mengi tangu 2014, nayo hupokea miswada, na haikuweka fungu la watoto. Kwa riwaya, mswada unatosha. Riwaya nzima imo humo. Kitabu cha picha kikiwa mswada hakijawa kitabu. Maneno “akafungua mlango” yakiwa yamechapwa kwenye karatasi nyeupe hayasemi chochote. Yakiwa chini ya picha ya mlango ulioachia upenyo, na nyuma yake mkia unaochungulia, ni kilele cha hadithi. Jaji wa mswada atayakata, na atakuwa amekata moyo wa kitabu.

Kenya wana Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi, ya tangu miaka ya 1970, ambayo hupima vitabu vilivyokwisha chapishwa na ina mafungu ya watoto kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Hapo angalau jaji anashika kitabu mkononi. Lakini neno “watoto” ni pana mno. Hadithi ya sura kumi kwa mtoto wa miaka 11 na kitabu cha kupakatwa cha mtoto wa miaka mitatu vikiwekwa kwenye kapu moja, yenye maneno mengi itaonekana ndiyo yenye fasihi.

Jambo la pili ni mchoraji. Chukua vitabu kumi vya watoto vya kwetu, vile vya pini mbili katikati, utafute jina la mchoraji. Mara nyingi utalikuta ndani, kwa herufi ndogo, karibu na anwani ya mchapishaji. Mwandishi anaweza kupata mrabaha. Mchoraji hulipwa mara moja na kuondoka. Na hatuna uhaba wa vipaji. John Kilaka, mtoto wa Rukwa aliyekulia kisanaa katika mtindo wa Tingatinga, ule wa rangi za mafuta zinazong'aa na wanyama wenye macho makubwa, alizunguka vijijini kukusanya ngano za wazee na kuzichora. Kitabu chake cha kwanza cha picha kilitoka Uswisi, kwa Kijerumani, mwaka 2001. Kingine kilitunukiwa kwenye maonyesho ya vitabu vya watoto ya Bologna, Italia. Ngano zilitoka kwa bibi na babu wa Tanzania, na watoto wa kwanza kuzipakata kwenye kitabu walikuwa wa Zürich na Basel. Mchoraji anakwenda anakothaminiwa, na siwezi kumlaumu. Nalaumu ukimya wetu.

Hapa fedha zinaingia. Kitabu chenye rangi kila ukurasa ni ghali kuchapa, na nakala zikiwa chache bei ya kila moja inapaa. Kenya mzigo ukaongezeka mwaka 2013 sheria ya VAT ilipoweka asilimia 16 kwenye vitabu. Mzazi anayepima kati ya kitabu cha hadithi na daftari za muhula atachukua daftari. Ndiyo maana mchapishaji huchapisha kwa jicho la shule, kwa kuwa shule ndiyo inayonunua kwa wingi: Kenya kitabu kinatafuta nafasi kwenye orodha ya taasisi ya mitaala, KICD, Tanzania kinatafuta ithibati. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa Tanzania mwaka 1991, ulilielewa tatizo hili mapema kuliko wengi. Ulimhakikishia mchapishaji kwamba sehemu ya toleo la kwanza itanunuliwa na kupelekwa shuleni. Kwa uzoefu ule, naamini tuzo ya vitabu vya picha isiyoambatana na ununuzi wa nakala itabaki kuwa picha ya mtu akipokea hundi kubwa ya karatasi.

Na soko la shule limetuachia alama mbaya. Fungua ukurasa wa mwisho wa hadithi nyingi za watoto: kuna msamiati, kuna maswali ya ufahamu, na swali la mwisho linauliza hadithi imetufundisha nini. Mtoto yuko kwenye mapaja ya mama yake, sungura amemtoroka fisi sasa hivi, bado anacheka, halafu anatahiniwa. Mkubwa naye anabadilika sauti, anakuwa mwalimu wa zamu. Ningekuwa jaji, ukurasa ule peke yake ungekipunguzia kitabu nusu ya alama.

Nimesema tunazo nyenzo za kuipima sauti, na nina maana hasa ya lugha yenyewe. Kwanza tanakali za sauti. Kwa Kiswahili kitu hakianguki tu. Kikianguka majini ni chubwi, mchangani tifu, chini kwa kishindo pu, na mtoto wa miaka miwili asiyejua kutamka “kuanguka” anajua kusema chubwi kabla ya bibi yake. Kitabu kilichoziweka tanakali mahali pa kufungulia ukurasa kimempa mdogo mstari wake wa kusoma.

Pili, upatanisho wa ngeli, ambao shuleni tumeufanya adhabu, ni kitendawili cha bure. Weka ukurasani neno moja: “Limeanguka!” Usichore lililoanguka, chora mtoto ameshtuka, kuku wanatawanyika. Kabla ukurasa haujafunguliwa, mtoto wa Kiswahili ameshaanza kukisia: jiwe? embe? fenesi? Hatasema kitabu, hatasema mtu, maana sikio lake limekwisha kumwonya. Lingekuwa “umeanguka”, angetafuta mti. Mwandishi anayetafsiri kutoka Kiingereza hawezi kuupata mchezo huu, kwa kuwa lugha aliyoanzia haikuwa nao. Aliyeandika kwa Kiswahili tangu mwanzo anaweza kuujengea kitabu kizima, lakini jaji anayesoma kimya hatausikia.

Kwa hiyo jopo la majaji lisome kwa sauti, na lisome mbele ya watoto. Kitabu kisomwe na mtu anayesoma vizuri, kisha na mtu anayesoma kwa kusitasita, maana wazazi wetu wengi wako hapo; kitabu kizuri humbeba msomaji dhaifu. Kisomwe mara tatu kwa mtoto yule yule, siku tatu. Mara ya kwanza mtoto husikiliza kisa. Mara ya tatu ndipo unapojua kama anaingilia, anatangulia, anamsahihisha mkubwa aliyeruka neno. Vitabu visivyo na maneno viruhusiwe, na apewe kuvisoma mtu asiyejua kusoma. Zawadi igawanywe sawa kati ya mwandishi na mchoraji, na majina yao yote mawili yawe kwenye jalada.

Najua pendekezo hili lina pingamizi. Watu watasema sauti nzuri itakibeba kitabu kibovu, na ni kweli inawezekana; ndiyo sababu ya kusoma mara tatu kwa wasomaji tofauti. Watasema pia kwamba Kiswahili ni lugha ya pili nyumbani kwa familia nyingi, kuanzia Usambara hadi Kisumu hadi Bukavu. Hilo kwangu ni hoja ya kuunga mkono. Mwaka 2015 Tuzo ya Astrid Lindgren ya Sweden, yenye zawadi ya kronor milioni 5, ilikwenda kwa PRAESA, taasisi ya Afrika Kusini inayohimiza watoto kusomewa kwa lugha zao za nyumbani. Majaji wale waliona kwamba kumsomea mtoto kunastahili tuzo kama kuandika kunavyostahili. Kitabu cha Kiswahili kinachomwachia bibi nafasi ya kuchomeka Kisambaa chake hakijapoteza kitu.

Kile cha Pinkney nilikiacha Lushoto. Niliporudi miezi sita baadaye jalada lilikuwa limeng'oka na kushonwa kwa uzi mweusi, na pembe za kurasa zimeviringika kwa kushikwa. Nilikichukua, nikamwita mtoto aje tusome. Alikuja, akakaa, akakifunika kitabu kwa mkono kabla sijakifungua, akasema tumsubiri Bibi atoke jikoni.